Wanataka Niombe Radhi kwa Sababu Mishipa ya Moyo Wangu Haikuziba

Mpendwa mshauri,

Naomba msaada wako, lakini kwanza naomba univumilie, maana nakuandikia nikiwa na hasira na hasira yenyewe haijapata pa kukaa, nimeizungusha nyumba nzima kutoka jikoni mpaka uani na kila ninayemwendea ananiambia mimi ndiye mwenye makosa. Mimi ni mshonaji, nashona sare za shule na mapazia na nguo za watu wa kawaida, na kazi hii nimeianza kabla sijaolewa. Mume wangu ni fundi bomba, fundi mzuri, simnyimi sifa yake, mtaa mzima wakivujiwa wanamwita yeye. Watoto wetu ni wakubwa, wameshaondoka nyumbani, na tulipobaki wawili nilidhani sasa tutapumua, kumbe kupumua kwenyewe ndiko kutakakonigombanisha na ukoo mzima.

Chumba cha mbele ndicho chumba changu cha kazi. Kina dirisha linaloleta mwanga mzuri wa asubuhi, kina meza ya kukatia, mashine yangu na ya mwenzangu ninayeshona naye, na waya ukutani wa kutundikia nguo zilizokwisha. Siku moja nilitoka kwenda kununua vifungo na zipu, ilikuwa karibu na shule kufunguliwa, sare zimerundikana mpaka kwenye kiti cha wageni. Niliporudi nikakuta mashine ziko uani na manyunyu yanaanza, vitambaa vyeupe vya mashati vimelazwa juu ya ndoo na matofali, vingine viko chini kabisa, na mwenzangu amesimama pembeni na kopo la pini mkononi hajui aanze kuokota wapi, na huko ndani wifi yangu, dada wa mume wangu, anapima chumba kwa hatua zake huku akisema kitanda cha mama kitakaa hapa na kabati litakaa pale. Ndivyo nilivyopata habari kwamba mama mkwe anahamia kwetu, na kwamba anahamia chumba changu cha kazi. Mume wangu alikuwa ameshaambiwa, ila alikuwa anangoja wakati mzuri wa kunieleza.

Mshauri, nilifoka. Sitakudanganya, nilifoka mpaka majirani wakatoka nje na watoto wao, na katikati ya kufoka kitu kikanikamata kifuani, si cha kuchoma, ni kama mtu amenikalia, kikapanda mpaka kwenye taya nikahisi meno yote ya chini yanauma, kikazunguka nyuma katikati ya mabega, jasho likanitoka na huku nasikia baridi, nikakaa pale pale chini kwenye tope, juu ya mashati ya watoto wa watu. Wifi akatoka mlangoni akanitazama akasema, "Haya, tamthilia imeanza," halafu akarudi ndani kuendelea kupima.

Mwenzangu akanipa maji nikayatapika. Mume wangu alipofika akanipeleka zahanati ya karibu, na aliyekuwa zamu, bila hata kunigusa, akasema ni gesi na mawazo, wanawake wa umri wangu ndivyo walivyo, akanipa vidonge vya tumbo vya kutafuna. Nikavitafuna. Nilivitafuna huku mkono wa kushoto umekufa ganzi, mshauri, kwa sababu mtu aliyevaa koti jeupe akikwambia ni gesi nawe unaanza kuisikia gesi. Ni yule mwenzangu aliyekataa, akasema huyu mtu rangi yake si ya gesi, akamshika mume wangu shati tukaenda hospitali kubwa, na huko walinibandika nyaya kifuani, wakanitoa damu, na majibu ya damu yalipotoka nikaona watu waliokuwa wanatembea wanaanza kukimbia.

Sasa hapa naomba usome polepole. Walinipitishia mrija mwembamba kwenye mshipa wa mkono mpaka kwenye moyo, wakatia dawa inayofanya mishipa ionekane kwenye kioo, wakitafuta palipoziba, na hawakupaona. Daktari, binti mdogo lakini maneno yake yamenyooka, akaja kitandani akasema mbele ya mume wangu: "Mama, mishipa mikubwa ya moyo wako haijaziba, lakini misuli ya moyo imeumia. Damu yako imeonyesha hivyo, hakuna ubishi. Kwa wanawake tunayaona haya mara nyingi kuliko watu wanavyodhani. Bado hatujajua kilichouumiza, na tusipojua tutakutibu kwa kubahatisha." Akasema nitarudi kupigwa picha nyingine ya moyo kwenye ile mashine kubwa ya sumaku, na kwamba dawa nisiziache hata nikijisikia mzima.

Hayo yote niliyasikia mimi. Mume wangu alisikia mpaka kwenye "haijaziba". Daktari bado anaongea, yeye ameshafika koridoni na simu sikioni, anamwambia dada yake mabomba ni safi kabisa, hakuna uchafu, maji yanapita. Na alikuwa anafurahi, mshauri, machozi yalimlengalenga, naapa alikuwa anafurahi kwa ajili yangu. Lakini yule ni fundi bomba, katika maisha yake yote bomba likiwa wazi amemaliza kazi anakunja mikono ya shati anaondoka, kwa hiyo aliyoyasikia yalimtosha. Alimwomba hata muuguzi amwonyeshe ile picha ya mishipa akaipiga kwa simu yake.

Niliporuhusiwa nilirudi nyumbani nikitegemea pole, nikakuta kikao. Mwenyekiti ni shemeji mkubwa, kaka wa mume wangu, mwalimu mstaafu ambaye anaendesha mambo ya ukoo kana kwamba kengele ya darasa bado haijalia. Wao wamekaa kwenye makochi, mimi nikapewa kigoda changu cha kufulia nguo, katikati ya sebule. Picha ya mishipa ya moyo wangu ikapita mkono kwa mkono kwenye simu kama picha ya kiwanja kinachouzwa, kila mtu anaikuza kwa vidole viwili, anatikisa kichwa, anasema naam, iko wazi. Mama mkwe alikuwa kwenye kona amejifunga kitambaa kichwani, maana siku ile ya mashine alipigiwa simu akaambiwa mkwewe amekataa kumpokea na amejiangusha, na presha ikampanda. Shemeji akaipanga hoja kama yuko ubaoni: moyo ukiwa mbovu mishipa huziba, mishipa yake haikuziba, kwa hiyo moyo wake hauna kitu, kwa hiyo alijiangusha. Wifi akamalizia kwamba mwiba wa kujidunga hauambiwi pole.

Ikaamuliwa nimwombe mama radhi mbele ya ukoo wote, kwa kumtia aibu na kumpandisha presha, siku ile ile atakayohamia, yaani Alhamisi ijayo. Na Alhamisi ijayo asubuhi ndiyo siku niliyopangiwa ile picha ya sumaku. Niliposema hivyo mume wangu akaniuliza kwa upole, na huo upole ndio ulionikata maini, akasema sasa wanakwenda kutafuta nini tena na wameshaona hakuna? Wifi naye akanyanyua dawa zangu mezani, akasema dawa ya moyo kwa mtu ambaye moyo wake hauna kitu ni sumu, akazitia kwenye mkoba wake eti kwa usalama wangu. Mume wangu alimwona, akatazama dari kama anatafuta panapovuja.

Tangu hapo nafanya kazi kama kawaida. Napika, nafua, namalizia sare kwenye baraza ambako ndiko mashine zilikohamia, chini ya turubai, upepo ukivuma nashikilia kitambaa kwa meno. Jumapili nikiwa napiga pasi kile kitu kilinishika tena kidogo, taya na mgongo, nikaegemea ukuta mpaka kikapita, na sikumwambia mtu kwa sababu wangesema naanza tena.

Lakini swali langu si hilo, swali langu ni la radhi. Kwa upande mmoja najua nikiomba radhi nimekiri kwamba nilijiangusha, na siku nikianguka kweli watapita juu yangu wakaendelea na chai yao. Kwa upande wa pili nimechoka, ni maneno tu, nitayasema kama mtu anayemeza kidonge na nyumba itatulia, na yule mama kwa kweli ni mzee na presha yake si ya kuigiza. Na kuna la tatu ambalo naona aibu kuliandika. Kuna wakati najiuliza mwenyewe, labda wanasema kweli, labda nilijiangusha bila kujua, si mishipa wameiona wote kwa macho yao? Nikifika hapo ndipo hasira inanipanda upya, kwa sababu meno yangu yaliuma, mshauri, na ningekuwa naigiza ningeigiza mahali panapoonekana, nani anaigiza maumivu ya meno ya ndani ya mdomo wake?

Niambie niombe au nisiombe, na kama ni kuomba, nipe maneno ambayo hayatakuwa uongo. Namba yangu nimeiandika chini, tafadhali usiichapishe.

Mshonaji wa Barazani

MSHAURI ANAJIBU

Dada mshonaji,

Barua zinazofika kwenye meza hii hujibiwa kwa zamu, lakini yako nimeirusha zamu. Niliisoma nimekaa, na nilipofika kwenye Jumapili na pasi nikasimama. Umejaza karatasi kwa habari za radhi, halafu maumivu yaliyokurudia ukayaficha katikati kama pini iliyosahauliwa kwenye pindo, ukasema swali lako si hilo. Swali ni hilo, dada, na mengine yote ni kelele. Mficha maradhi kifo humuumbua, na nakukasirikia wewe kwanza kabla sijawafikia wengine, kwa sababu wewe ulimsikia daktari mpaka mwisho. Mtu aliyeambiwa moyo umeumia, akanyang'anywa dawa, akashikwa tena taya na mgongo, hangoji Alhamisi wala hamwandikii mshauri wa gazeti. Anakwenda hospitali saa ile ile, na pasi aiache hapo hapo ilipo.

Ulinikataza kuichapisha namba yako. Kuipiga hukunikataza, kwa hiyo niliipiga. Aliyepokea ni mumeo, akasema uko jikoni.

Sikutaka kubishana naye habari za moyo, maana najua angeniletea ile picha yake. Nikamwuliza habari za kazi. Nikasema, fundi, umewahi kuitwa kwenye nyumba ambayo bomba kubwa kutoka mtaani liko wazi, maji yanafika mpaka kwenye mita, na bafuni hakutoki tone? Akacheka, akasema hiyo ndiyo riziki yake. Nikamwuliza wenye nyumba huwa anawaambiaje.

"Nawaambia wangoje nitafute," akasema. "Pengine ni vijibomba vya ndani, pengine hewa imeingia, pengine kitu kiliziba kikatoka chenyewe kabla sijafika. Huwezi kujua kwa kusimama nje."

"Na huwaambii wanaigiza kiu?"

Kisha nikamweleza bila sukari kwamba daktari hakusema nyumba haina tatizo, alisema bomba kubwa silo lenye tatizo, nyumba imeharibika, naomba nafasi nitafute. Yeye mumeo akatoka mbio na nusu ya sentensi, akawapelekea ndugu zake, nao wakaitisha kikao juu ya nusu hiyo. Nikamwambia na habari ya Jumapili, ambayo hukumwambia. Nilisikia anavuta kiti. Na neno lililofuata ndilo lililonionyesha ugonjwa wa nyumba yenu ulipo, kwa sababu hakuuliza habari za moyo wako, alisema taratibu kama mtoto aliyevunja sahani, "Sasa mama nitamwambia nini?"

"Mwambie mkeo yuko hospitali," nikamjibu. "Na safari hii useme sentensi nzima."

Nilidhani atanikatia simu. Akasema dawa ziko kwa dada yake, nikamwambia dawa zitafuata, mtu kwanza. Jioni yule mwenzako wa cherehani akanipigia kwa namba ile ile, akasema umelazwa, na kwamba daktari wako, yule binti wa maneno yaliyonyooka, amewauliza wote waliokuwa wamezunguka kitanda ni nani aliyekuachisha dawa, na watu wote wakaanza kutazama viatu vyao. Kwa hiyo jibu hili nakuandikia ukiwa kitandani, na unayo ruhusa ya kumsomea kila atakayekuja na matunda.

Nilimwuliza daktari wa moyo ninayemwamini kabla ya kushika kalamu, maana mimi ni mshauri, si tabibu. Alisema misuli ya moyo inaweza kuumia na mishipa mikubwa ikaonekana safi. Huenda damu iliganda ikaziba, kisha ikayeyuka kabla mrija haujafika. Huenda mshipa ulijikaza kwa nguvu ukalegea baadaye. Huenda ni vile vimishipa vidogo ambavyo picha ile haivioni, au misuli yenyewe imevimba kwa ugonjwa, au mshtuko mkubwa wa huzuni au hasira umeuduwaza moyo. Kila kimoja kina matibabu yake, na ndiyo sababu ya picha ya sumaku, ili usitibiwe kwa kubahatisha. Chako ni kipi, sijui, na wifi yako hajui, na shemeji na ubao wake hajui.

Najua hapo kwenye hasira wifi atadaka neno, aseme si nilisema ni hasira zake tu. Mwambie hivi. Mtu akikimbia kwa hasira akavunjika mguu, mguu umevunjika. Hakuna anayeupima mfupa kwa kuuliza mwenye mguu alikuwa na tabia gani siku hiyo. Kama ni hasira iliyouumiza moyo wako basi umeumia, na aliyezitoa mashine za mtu nje kwenye mvua asijifanye alikuwa mtazamaji.

Nyinyi wa ukoo, kwa kuwa gazeti hili najua mtalisoma hata kama mtasema hamlisomi, nasema nanyi kidogo. Adhabu ya kaburi aijuaye maiti. Mlikaa kwenye makochi mkaukuza moyo wa mtu kwa vidole viwili mkaona mnajua, mwenye moyo mkamweka kwenye kigoda cha kufulia. Kama picha ingeonyesha mshipa umeziba mngemletea maua. Mmemwadhibu mgonjwa kwa sababu ugonjwa wake haukufanana na ule mnaoujua, na hilo mnapaswa kulionea haya mpaka siku mtakapougua wenyewe. Wewe wifi uliyebeba dawa za mtu kwenye mkoba, ungembebea pochi ungeitwa mwizi. Ulichombebea ni kikubwa kuliko pochi. Na wewe uliyekuwa zamu pale zahanati, ukampa mama mwenye jasho baridi na maumivu ya taya vidonge vya gesi bila kumgusa, sijui kama unasoma magazeti, lakini natumaini mkeo anasoma.

Mama mkwe wako simtii kwenye kapu hilo. Kuzeeka si kosa, kutaka chumba karibu na mwanawe si kosa, na presha yake ni ya kweli kama moyo wako. Naye aliambiwa nusu, aliambiwa mkwe amejiangusha, hakuambiwa mashine zilikuwa nje kwenye mvua. Siku utakapokuwa na nguvu kaa naye nyinyi wawili, bila mwenyekiti, umwambie mwenyewe. Mnameza dawa wote, mtaelewana mapema kuliko unavyodhani.

Nanyi wanawake wengine mnaosoma hii huku mmeshika mgongo, maumivu ya moyo hayaji kila mara kama kwenye sinema, mtu anashika kifua anaanguka. Yanaweza kuja kwenye taya, kwenye mabega, kama kichefuchefu, kama uchovu usio na sababu, kama jasho la baridi jikoni. Ukiambiwa ni gesi na mwili wako unakataa, ufuate mwili. Na ukiambiwa mishipa iko wazi, mshukuru Mungu, halafu uulize swali la pili: basi kimeniumiza nini?

Sasa wewe, dada, nisikilize. Usitoke hapo mpaka ile picha ipigwe, au daktari mwenyewe akwambie lini na wapi. Mweleze yote, siku zote ulizokaa bila dawa, na ile Jumapili, usimpunguzie hata moja kwa kuona haya. Dawa ukipewa zikae kwako, kwenye kopo lako la vifungo ukitaka, asiziguse mtu. Mumeo aitwe kitandani, daktari aseme tena, na safari hii mumeo ayarudie kwa kinywa chake mpaka mwisho kabla hajagusa simu. Akikosea aanze upya. Kisha yeye, si wewe, awaambie ndugu zake, kwa sababu nusu ile aliitoa yeye na nusu iliyobaki ni deni lake. Kazi ya barazani chini ya turubai ikome mpaka daktari aruhusu, na mumeo ambaye ana mikono ya ufundi ajenge ukuta na dirisha mahali penye mwanga, mama apate chumba nawe upate chako. Na lile swali lako la tatu, kwamba labda ulijiangusha bila kujua, litupe. Damu yako ilishalijibu siku ya kwanza, na damu haina wifi.

Umeniuliza uombe radhi au usiombe. Usiombe. Hata ukiomba kwa maneno matamu vipi yatakuwa uongo, maana hakuna maneno ya kweli ya kuomba radhi kwa kuugua, nimeyatafuta sijayaona. Alhamisi wakae kwenye makochi yao wakungoje, watakunywa chai.

Lakini kikao cha pili kitakuja, nawajua watu wa vikao. Ukishapona ukaitwa, nenda. Vaa nguo uliyojishonea mwenyewe. Kile kigoda kipitie, kakae kwenye kochi, katikati yao, mahali panapokutosha. Shemeji akifungua kikao akakuuliza una la kusema, mwambie huna. Kisha nyamaza, hata wakikohoa, hata wakitazamana, hata kimya kikiwa kirefu kiasi gani usikivunje wewe. Radhi waanze wao kuiomba.